Maji Machafu ya Hospitali Yasafishwe Kabla ya Kufika Shambani

Mkulima wa Mai Mahiu hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Kiangazi kikishika, mtu aonaye mfereji ukitoka hospitali au zahanati, na majani ya kandokando yamestawi, hushawishika kuuelekeza kwenye sukuma wiki yake. Kabla hujachukua jembe, soma habari hizi.

MAJI HAYO YANA NINI?

Maji hayo hutoka vyooni, bafuni, wodini, maabara na mahali pa kufulia. Yana hatari mbili. Ya kwanza ni vijidudu vya homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Ya pili ni mabaki ya dawa. Mgonjwa akimeza amoksilini, zaidi ya nusu ya dawa hiyo hutoka katika mkojo wake bila kubadilika. Wataalamu waliopima maji ya hospitali, mabwawa ya maji machafu na mito, huko Nairobi na katika bonde la Ziwa Viktoria, wamekuta antibiotiki ndani yake.

Huenda ukasema, “Dawa si sumu, itanidhuru nini?” Kumbuka josho la ng’ombe. Dawa ya kupe ikitiwa maji mengi mno, kupe dhaifu hufa, lakini wale wagumu hubaki na kuzaana, na mwishowe dawa hiyo haiwawezi tena. Vijidudu navyo ni vivyo hivyo. Tena huweza kupeana ugumu huo wao kwa wao. Siku mtoto wako atakapougua, daktari atampa dawa nayo haitamsaidia.

NAMNA YA KUYASAFISHA

Kwanza maji hupita katika tangi la kutulizia, ambamo uchafu mzito hushuka chini. Tangi peke yake halitoshi, maana maji yatokayo humo bado yamejaa vijidudu.

Baadaye huingia katika mabwawa yanayofuatana. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Humo hamna hewa, na vijidudu visivyohitaji hewa hula uchafu. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2, na maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mimea midogo iletayo hewa. Ya mwisho hayana kina kirefu, ili jua lipenye na kuua vijidudu vya magonjwa. Mayai ya minyoo huzama chini. Kazi hii yataka siku nyingi. Maji yakiharakishwa hutoka machafu. Jiji la Nairobi husafisha sehemu kubwa ya maji yake machafu katika mabwawa ya namna hii huko Ruai.

Mahali penye nafasi ndogo, maji huweza kupitishwa polepole katika kitalu cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo. Mizizi yake ni makao ya vijidudu vyema vinavyokula uchafu.

Je, dawa nazo huondoka? Nyingine huondoka. Parasetamoli huliwa upesi na vijidudu vya bwawani. Siprofloksasini hushikamana na matope ya chini. Lakini kabamazepini, dawa ya kifafa, hupita karibu yote. Klorini huua vijidudu vingi, ila haiondoi dawa zote wala haiui mayai ya minyoo. Kwa dawa sugu yahitajika gesi ya ozoni au makaa yaliyotengenezwa maalum. Huko Uswisi, tangu 2016, sheria imeamuru mitambo iliyochaguliwa iongeze hatua hiyo. Ni kazi ya gharama kubwa. Kwa hiyo kuzuia dawa zisiingie majini ni rahisi zaidi.

YAKUPASAYO WEWE

1. Usinyweshe mboga kwa maji ya mfereji wa hospitali, hasa nyanya, dania na mboga ziliwazo mbichi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji machafu yaliyosafishwa kwa ajili ya mboga kama hizo yasizidi yai 1 la minyoo katika lita 1. Kwa macho huwezi kupima jambo hilo.

2. Usichukue matope ya tangi au bwawa kuwa mbolea. Mayai ya minyoo huweza kuishi udongoni zaidi ya mwaka.

3. Zuia ng’ombe na mbuzi wasinywe hapo.

4. Usitupe dawa za watu au za mifugo chooni wala mtoni. Uliza zahanati au daktari wa mifugo namna ya kuzirudisha.

5. Zahanati mpya ikijengwa katika makazi yenu, kamati na iulize mapema: maji machafu yataelekea wapi? Mabwawa yawe mbali na visima, wala yasiwe katika njia ya mafuriko. Sisi sote twakumbuka yaliyotokea Kamuchiri tarehe 29 Aprili 2024.

6. Ukiona maji machafu yakitiririka ovyo, mwarifu Bwana Afya upesi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuyamwaga bila kibali.

Sukuma wiki iliyonyauka yaweza kupandwa tena mvua ikinyesha. Dawa iliyoshindwa na ugonjwa haitengenezwi upya kwa msimu mmoja.