Mto Hupimwa Kama Mgonjwa

Kaskazini ya mji wa Malindi, mto Sabaki huingia katika Bahari ya Hindi. Huko bara mto huo huitwa Athi, na mbele yake Galana. Wakati wa mvua maji yake huwa mekundu kwa udongo, na udongo huo ni wa mashamba ya watu walio mbali na pwani.

Mtaalamu wa viumbe vya majini huupima mto kama daktari apimavyo mgonjwa. Huingia majini, hutikisa mawe kwa mguu mbele ya wavu wenye matundu madogo, kisha humwaga vilivyonaswa katika sinia nyeupe na kuvihesabu. Wadudu wachanga wenye mikia mitatu, washikao mawe, wakiwa wengi, ni dalili ya maji safi. Wakitoweka, wakabaki minyoo na vibuu vyekundu tu, mto ni mgonjwa. Maji ya chupa hueleza hali ya siku moja. Bali wadudu hukaa mtoni wiki nyingi, nao hueleza yaliyopita.

Pale maji matamu yakutanapo na ya chumvi, mtaalamu hushusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane tena, akapima kina chake. Njia hiyo ilianzishwa na padre Mwitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865.

Tena kuna shahidi wa zamani zaidi, nalo ni tumbawe. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, na ndani yake hubaki alama ya madini yaliyoletwa na udongo. Katika mwaka wa 2007 wataalamu walieleza habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kwa miaka 200 ya kwanza udongo uliofika baharini haukuongezeka sana. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ulianza kuzidi, na katika miaka ya 1970 ukazidi kwa kasi.

Udongo mwingi huyanyima matumbawe mwanga, na samaki hukosa makao. Mkulima wa bara na mvuvi wa Malindi hawajuani, lakini chakula cha wote wawili huchukuliwa na maji yale yale. Basi anayelima mtelemkoni na achimbe matuta, wala asilime mpaka ukingo wa mto. Aache majani yashike udongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.