Makao ya watoto ya India yaliyoipa Pwani ya Kenya walimu wake wa kwanza

WENGI wanaopita Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali mjini Mombasa, wanajua kwamba mahali hapo palipata jina kutokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba baadhi ya walimu wa kwanza wa kijiji hicho walikuwa Waafrika waliolelewa katika makao ya watoto ya Kikristo nchini India.

Makao hayo yaliitwa Sharanpur, yakiwa karibu na mji wa Nashik, kaskazini mashariki mwa Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Historia yake inaonyesha kinagaubaga jinsi maisha ya mwalimu mmishonari katika nchi ya kigeni yalivyokuwa, mema aliyoyatenda na mahali alipokosea.

Aidha, historia hiyo inazua swali ambalo bado linawakabili wote wanaoendesha makao ya watoto mbali na kwao: je, mtoto analelewa ili aje kuwa mwenzao, au ataendelea kuhesabiwa kuwa mtoto hata baada ya kuota mvi?

Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19, manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyobeba watumwa kutoka Afrika Mashariki kuelekea Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Waliokombolewa hawakuweza kurejeshwa makwao kwa urahisi. Wengi walitoka bara, katika maeneo ambayo leo ni Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania, na kuwashusha ufuoni kulikuwa sawa na kuwarudisha mikononi mwa wafanyabiashara walewale.

Ndipo baadhi yao wakapelekwa Aden, wengine Mauritius na Ushelisheli, na wengine Bombay. Mjini Bombay, watoto walikabidhiwa kwa familia na kwa taasisi mbalimbali zilizokubali kuwalea, zikiwemo zile za wamishonari.

Shirika la Kianglikana la Church Missionary Society, maarufu kama CMS, tayari lilikuwa na kijiji chake cha Kikristo karibu na Nashik, kilichoanzishwa katika miaka ya 1850 na mmishonari William Salter Price. Jina Sharanpur maana yake ni mji wa kimbilio. Kufikia mwaka wa 1860, watoto wa Kiafrika walikuwa wakipokelewa huko, kazi iliyosimamiwa na Karl Isenberg, Mjerumani aliyewahi kuhudumu Uhabeshi pamoja na Johann Ludwig Krapf kabla Krapf hajafika Mombasa.

LUGHA KWANZA

Kizuizi cha kwanza kilichomkabili mwalimu wa Sharanpur kilikuwa lugha. Watoto walizungumza Kiyao, Kimakua na lugha nyinginezo za bara. Jirani zao Wahindi walizungumza Kimarathi. Mwalimu naye alikuwa Mwingereza au Mjerumani aliyejifunza lugha za India akiwa mtu mzima. Hivyo basi, mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa wageni, kila mmoja akijaribu kuelewana na mwenzake kwa lugha isiyokuwa ya mama yake.

Katika makao ya namna hiyo, mwalimu hakuwa mtu wa ubao na chaki pekee. Aliongoza sala, alisimamia chakula na mavazi, aliuguza wagonjwa, aliamua ugomvi na kuwaandaa vijana kwa ndoa. Mwalimu wa shule ya kutwa hupumzika wanafunzi wakirejea kwao jioni. Huyu hakuwa na jioni ya namna hiyo, maadamu hapo shuleni ndipo palipokuwa nyumbani kwa watoto.

Zaidi ya hayo, alikuwa mwandishi wa barua. Kila mwaka wamishonari wa CMS walitakiwa kuliandikia shirika lao mjini London maelezo ya kazi yao. Fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya ambao hawakuwahi kuwaona watoto hao, na barua ndizo zilizowashawishi kuendelea kutoa. Mwalimu alijikuta akitumikia pande mbili: watoto waliokuwa mbele yake na wafadhili waliokuwa ng'ambo ya bahari.

Mafunzo yenyewe yalilenga kumwezesha kijana kujitegemea. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na uashi pamoja na kusoma na kuandika, ilhali wasichana walifunzwa kushona na kazi za nyumbani. Biblia na Kiingereza vilikuwa msingi wa yote.

JINA JIPYA

Walipobatizwa, watoto walipewa majina ya Kiingereza. Aliyezaliwa Chengwimbe katika jamii ya Wayao akawa Matthew Wellington. Mwingine akaitwa Jacob Wainwright, na mwingine Simon Price, akibeba jina la ukoo la mmishonari aliyekianzisha kijiji.

Kwa mwalimu wa enzi hizo, jina jipya lilikuwa ishara ya maisha mapya, nje ya utumwa. Kwa mtoto lilikuwa na maana nyingine pia. Alikuwa amekwisha kupoteza wazazi, kijiji na lugha, na sasa jina alilopewa na mamake likawa limekwenda na hayo mengine. Chengwimbe anakumbukwa kwa jina lake la asili. Wenzake wengi majina yao ya kwanza yamepotea katika kumbukumbu.

Hata hivyo, elimu waliyopata ilikuwa ya dhati, na haikuchukua muda kudhihirika. Mnamo 1864 William Jones, George David na Ishmael Semler walitumwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amebaki huko bila wenzake. Vijana waliokuwa wanafunzi Nashik wakawa walimu miongoni mwa Wamijikenda, katika sehemu ambayo haikuwa kwao pia. Mwaka uliofuata, David Livingstone alichukua vijana tisa wa Nashik kwa safari yake ya mwisho barani.

Kundi jingine, akiwemo Wainwright na Wellington, lilifuata mnamo 1872 katika msafara uliopelekwa kumwongezea Livingstone watu. Mvumbuzi huyo alipofariki mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, Jacob Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye mti palipozikwa moyo wake.

Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili uliokaushwa kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Wainwright alisafiri nao kwa meli hadi Uingereza, na Aprili 18, 1874, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kijana aliyewahi kuwa mtumwa alisimama mbele ya wakuu wa Uingereza akiwa msomi na mwandishi wa shajara yake mwenyewe.

KUHAMIA MOMBASA

Tukio hilo lilisadifu na mabadiliko makubwa ya kisiasa. Mnamo 1873 Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay na aliyeifahamu kazi ya Sharanpur, alifika Unguja kumshinikiza Sultan Barghash kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi Juni mwaka huo, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Frere alipendekeza kwamba watakaokombolewa wapewe makao katika pwani ya Afrika badala ya kupelekwa India. CMS ilimtuma Price, mwanzilishi wa Sharanpur, ambaye alifika Mombasa mwishoni mwa 1874. Ardhi ilinunuliwa Kisauni na kijiji kikapewa jina la Frere. Waafrika wa Nashik walivuka bahari kumfuata, wakaja kuitwa Waafrika wa Bombay.

Hao ndio waliokuwa nguzo ya kijiji. Walikuwa walimu, makatekista, mafundi na wakalimani. Manowari iliposhusha watu waliotoka kukombolewa, aliyewapokea alikuwa mtu aliyewahi kushushwa vivyo hivyo, akiwa mtoto, katika bandari ya kigeni. Hakuna chuo ambacho kingemfundisha mmishonari kutoka Ulaya jambo hilo.

WALIPOKATAA KUITWA WATOTO

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Waafrika wa Bombay walizungumza Kiingereza fasaha, walivaa kama Wazungu na walitarajia kutendewa kama wafanyakazi wenza. Baadhi ya wamishonari waliokuja baadaye waliwaona kuwa wenye majivuno. Ule ujuzi uliotangazwa kwa fahari katika barua za wafadhili ukageuka kuwa lawama pindi wenyewe walipoutumia kudai heshima.

Mzozo ulifikia kilele chini ya J. R. Streeter, msimamizi wa Frere Town ambaye hakuwa kasisi, aliyeendesha kijiji kwa viboko na vifungo. Mnamo 1881 malalamiko yalifika kwa wakuu wa Uingereza kisiwani Unguja na uchunguzi ukafanywa. Streeter aliondolewa, na Price akalazimika kurudi kutuliza hali.

Mfano bora wa upande wa pili ni William Jones. Mnamo 1885 yeye na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye, Jones aliandamana na askofu huyo katika safari ya kuelekea Uganda. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara katika sehemu inayoitwa Mumias leo, akatangulia na wapagazi wachache, na kuuawa Busoga Oktoba 29, 1885. Jones ndiye aliyewakusanya waliosalia na kuwafikisha Rabai Februari 1886.

Akiwa msimamizi wa Rabai, Jones aliwapa hifadhi watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, jambo ambalo misheni haikuwa na ruhusa ya kulifanya. Wamiliki wao walipogundua mnamo 1888, walitaka warudishiwe watu wao na palikuwa na tishio la vita. Suluhu ilipatikana kwa fidia iliyotolewa kupitia George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa, na Januari 1, 1889, watu takriban 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Kwa maneno mengine, mtoto wa makao ya Nashik alitimiza fundisho la kimbilio kwa ujasiri uliowashinda baadhi ya waliomfundisha. Licha ya hayo, malalamiko ya Waafrika wa Bombay kuhusu mishahara na vyeo yaliendelea hadi mwisho wa karne hiyo.

MAFUNZO YA LEO

Yapo mambo matatu ambayo historia hii inamfundisha mtu yeyote anayefikiria kwenda ng'ambo kufundisha katika makao ya watoto, wakiwemo Wakenya ambao nao siku hizi hutumwa kama wamishonari.

Kwanza ni lugha na jina. Mtoto aliyepoteza wazazi hana mali nyingine iliyobaki ila kumbukumbu zake. Mwalimu anayejifunza lugha ya mtoto na kuliheshimu jina lake humlindia urithi wake.

Pili ni muda. Mtoto aliyeachwa mara moja huumia tena kila anapoachwa na mlezi aliyemzoea. Mgeni anayekuja kwa wiki chache, akapendwa kisha akaondoka, huenda akaacha jeraha bila kujua. Ndiyo maana kazi ya malezi ya kila siku huwafaa zaidi wenyeji watakaobaki, naye mgeni akawafaa zaidi kwa kuwapa ujuzi walezi hao.

Tatu, na kubwa zaidi, ni kukabidhi madaraka. Sharanpur ilifaulu kuandaa walimu, lakini shirika lililowaandaa halikuwa tayari kuwapisha kwenye viti vya uongozi. Makao yanayowatoa vijana wenye elimu na kisha kuwanyima sauti huwa yamekamilisha nusu tu ya kazi yake.

Fikra kuhusu makao yenyewe pia zimebadilika. Mnamo 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo unaotaka mtoto alelewe katika familia kwanza, na taasisi iwe hatua ya mwisho. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mnamo Novemba 2017. Mwaka wa 2022 ilipata Sheria mpya ya Watoto pamoja na mpango wa miaka 10 wa kuwahamisha watoto kutoka taasisi hadi katika familia na jamii.

Mabadiliko hayo hayamfungii mlango mwalimu mmishonari. Yanambadilishia kazi tu. Badala ya kuwakusanya watoto chini ya paa moja, anaweza kufundisha katika shule ya kijiji, kuwasaidia jamaa wanaolea mayatima, au kuwapa walezi wa kambo ujuzi.

Kuhusu wale wa Nashik, Matthew Wellington aliishi hadi mwaka wa 1935 na akafia Mombasa. Shule ya theolojia iliyoanzishwa Frere Town ilihamia Limuru mnamo 1930, na ndiyo leo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Vizazi vya watu waliokombolewa bado vinaishi Kisauni na Rabai, baadhi vikiwa na majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyoanza siku mtoto mmoja wa Kiafrika alipoandikwa upya kwenye daftari la ubatizo, katika nchi isiyokuwa yake wala ya mwalimu wake.