Ndugu wa Nyumba ya Mtoni: Kumsoma Upya Salme binti Said

Kumbukumbu za Emily Ruete zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mwandishi alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, akiitwa Salme binti Said. Wengi wetu hukisoma kitabu hiki kama hadithi ya mapenzi tu: binti wa Sultani kampenda Mjerumani, katoroka 1866, basi. Mimi nadhani dhamira kuu ni nyingine. Hiki ni kitabu juu ya ndugu, na jinsi ukatili unavyorithishwa nyumbani kama watu wanavyorithishana shamba.

Tuanze na baba. Said bin Sultan alishika utawala wa Oman mwaka 1806 baada ya binamu yake Badr kuuawa, naye mwenyewe akiwa na mkono katika mauaji hayo. Alikuwa kijana wa miaka kama 15. Bintiye anamchora kuwa baba mpole, na pengine kwake alikuwa hivyo. Lakini alipofariki safarini baharini mwaka 1856, aliacha watoto 36 kwa hesabu ya Salme, wote wa masuria, na hapakuwa na utaratibu wa urithi uliokubaliwa na wote. Somo walilokuwa nalo wanawe ni lile la 1806: kiti ni cha anayekinyakua.

Matokeo tunayajua. Mwaka 1859 Barghash alipanga kumpindua kaka yake Majid. Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua wenye njama, maana alikuwa amejifunza kuandika kwa siri. Majid huyo ndiye aliyeishi naye na kumfundisha kupanda farasi! Dada yao Khole ndiye aliyemvuta upande wa pili. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme; alipopatana naye, Barghash na Khole wakamwona msaliti. Huko Oman, Thuwaini bin Said aliuawa 1866 na mwanawe wa kumzaa, Salim. Barghash naye, aliyetawala tangu 1870, Salme anaeleza kwamba alimfunga gerezani mdogo wake Khalifa. Kila aliyeumizwa alitafuta wa kumuumiza.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wageni hawakulima, walivuna. Waingereza waliigawa milki mwaka 1861, Majid akabaki na Unguja na Thuwaini na Maskati. Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Salme pamoja na manowari zao ili kumtisha Barghash, naye akakataa kumpokea dada yake. Miaka mitano baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Msomaji asidhani hayo ni mambo ya Waarabu peke yao. Nimekulia Same, ukishuka barabara ya kwenda Tanga unafika Mazinde, alikokaa Semboja, mwana wa Kimweri wa Usambaa. Kimweri aliwapa wanawe maeneo ya kutawala, na alipofariki kiasi cha 1862 wakapigana. Silaha zilitoka kwa wafanyabiashara wa pwani, na malipo yakawa watu waliotekwa. Ugomvi wa nyumba mbili za kifalme ulikutana katika njia moja ya misafara, na Wapare walikuwa kando ya njia hiyo.

Hapa ndipo ninapomlaumu Salme kama mhakiki, si kama hakimu. Anasimulia kwa uchungu kwamba mama yake, Jilfidan, alitekwa utotoni huko Circassia, wazazi wakauawa, akatenganishwa na ndugu zake. Sasa, mtu huyohuyo, katika sura yake juu ya utumwa, anautetea utumwa wa Unguja! Machozi ya mama yake anayaona. Ya mtumwa wa Kiafrika anayemhudumia hayaoni. Jamani, hapo ndipo ukatili wa kurithi unapoonekana wazi kuliko katika njama zote za 1859. Alikimbia nyumba, akabadili jina na dini, lakini macho ya nyumba ile alisafiri nayo hadi Hamburg.

Kwa hiyo tumsome kama shahidi, na papo hapo kama ushahidi. Na tunapohesabu watoto wa Mtoni walioumizwa na baba na kaka zao, tuwahesabu pia waliokuwa jikoni na mashambani, ambao kitabu hakikuwapa majina. Baadhi yao huenda walitoka milima hii yetu.