Jinsi ya Kuumba Dunia Yako kwa Mchezo wa Mezani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu mchezo wa kuigiza wahusika ulipoingia katika bweni letu, wengi wameniuliza: "Kisiwa kile mnachokizungumza kila Jumamosi mmekitoa katika kitabu gani?" Hatukukitoa katika kitabu, tulikitunga wenyewe. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze kwa ufupi jinsi kazi hiyo ifanywavyo, ili mwenye kupenda naye ajaribu.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwongozaji. Wengine kila mmoja hujifanya mtu fulani, mathalani baharia, mganga, au mwizi aliyetubu. Mwongozaji hueleza mahali walipo na jambo linalotokea, kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Wao hujibu, na penye shaka hutupa dadu ili kujua kama wamefaulu. Mchezo wa kwanza wa namna hii kutolewa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ukatoka mwaka 1974.

Mabwana hao hawakuanza na dunia nzima. Arneson alianza na ngome ya Blackmoor na mji mdogo ulio karibu nayo. Gygax alianza na magofu ya ngome ya Greyhawk na mapango yaliyo chini yake, na watoto wake wawili walikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kuingia humo. Nchi za mbali zilifuata baadaye. Hilo ndilo fundisho la kwanza: anza na mahali padogo. Anayechora mabara saba kabla ya kuchora kisima kimoja atachoka kabla mchezo haujaanza.

Fundisho la pili ni kuchagua jambo moja linalotawala maisha ya mahali hapo, kisha kuyafuata matokeo yake. Sisi tulichagua upepo. Sote tumejifunza katika historia kwamba majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi, na kwamba nahodha aliyechelewa hakuwa na la kufanya ila kungoja msimu mwingine. Tukajiuliza: Je, katika kisiwa chetu upepo wa kuja ukivuma miaka mitatu mfululizo, na wa kurudi nao miaka mitatu, itakuwaje?

Majibu yalikuja yenyewe. Mwaka wa kwanza wageni ni wachache na kisima kimejaa. Mwaka wa tatu wageni wamerundikana, hawawezi kuondoka, na maji hayatoshi. Wengi wameoa, na watoto wao wanajua kwamba upepo ukigeuka baba huenda akatweka tanga. Baada ya hapo nguo na vyuma huadimika, maana hakuna chombo kinachokuja. Na mtu awezaye kubashiri siku ya upepo kugeuka huogopwa kuliko mfalme. Haya yote yametoka katika swali moja tu.

Tatu, kila mtu wa dunia yako na awe na haja yake, na haja hizo zigongane. Watu watatu watosha. Yuko mama mlinzi wa kisima, atakaye watoto wa kisiwa wanywe kwanza. Yuko nahodha mwenye mabaharia arobaini wenye kiu. Yuko mzee mtazama-upepo, ajuaye kwamba upepo umekaribia kugeuka, lakini wafanyabiashara wamemhonga anyamaze. Hakuna kati yao aliye mwovu kabisa, wala asiye na lawama.

Nne, nalo ndilo kubwa: waachie wachezaji uamuzi. Mwongozaji aipendaye mno dunia yake huwafanya wenzake kuwa abiria; yeye asimulia, wao wapiga miayo. Katika kisiwa chetu ilidhaniwa kwamba wachezaji wangepigana na nahodha au wangemfichua mzee. Lakini mmoja wao, atokaye Dodoma, akasema kwamba kwao, mto ukikauka, watu hufukua mchanga mpaka maji yatokee. Akaongoza wenzake kwenye kijito kikavu. Dadu ikatupwa, maji yakapatikana. Kisima cha pili hakikuwa katika fikira ya mtu yeyote. Sasa kimo katika ramani, na nahodha na yule mama wamelazimika kuzungumza upya. Ndugu yetu huyo alikuwa haba wa maneno darasani, lakini siku hiyo sote tulikuwa wanafunzi wake.

Gharama ni ndogo: daftari moja na penseli. Asiye na dadu ya pande ishirini na akate vikaratasi ishirini, aviandike nambari 1 hadi 20, avitie katika bakuli. Kila kikaratasi kikishasomwa kirudishwe na kuchanganywa, ili kila nambari ibaki na nafasi yake ya 5 katika 100. Kisiporudishwa, wachezaji werevu watahesabu vilivyobaki.

Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia mtihani wa mwisho, kisha tutatawanyika. Daftari la kisiwa tutawaachia wadogo zetu wa Kidato cha Tatu. Kurasa zake za mwisho hatukuziandika, kwa makusudi. Watakaolipokea wasiogope kubadili tuliyoyaweka. Wakiona vema upepo ugeuke kesho, na ugeuke, ila kwanza wawaulize walioketi nao mezani: "Mnafanya nini?"