Isili ni ya nani? Muulize anayehamishwa

Ukishuka matatu nambari 6 au 9 pale Eastleigh, usisimame katikati ya njia. Mbeba mizigo akipita na robota mgongoni, hana breki. Najua kwa sababu nilibeba hayo marobota miaka miwili, baada ya karo kunishinda nikaacha chuo.

Wewe labda unaijua Isili ya Jumamosi tu: unanunua dera, pazia au simu, unabishana bei, unarudi kwenu. Halafu unasema, "Wasomali wameichukua Eastleigh." Hebu tulia kidogo, bana.

Mtaa huu ulianzishwa 1921, enzi ambazo mkoloni aliigawa Nairobi kwa rangi za watu. Wahindi wengi walijenga hapa, na Wasomali walikuwepo tangu zama hizo. Baada ya uhuru, Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko, na Wakenya Waafrika, wengi wao Wakikuyu, wakanunua nyumba zao.

Kisha 1991 serikali ya Somalia ikaanguka. Wakimbizi wakapanga vyumba Garissa Lodge, gesti ya kawaida tu, wakaanza kuuza bidhaa humohumo walimolala. Chumba baada ya chumba, gesti nzima ikageuka soko. Majumba ya biashara unayoyaona leo yalifuata nyayo hizo.

Usidhani ilikuwa mteremko. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Baadhi walikuwa Wakenya wenye vitambulisho. Biashara ilidorora, lakini mtaa haukufa.

Sasa mtaa unabadilika tena, na safari hii kabila si hoja. Hoja ni pesa.

Ploti yetu iko Section III: nyumba za chini, bomba moja uani. Jirani Muoromo hukaanga buni asubuhi, harufu inatuamsha sote. Mama Mkamba huuza maharagwe mlangoni. Chumba cha mwisho anaishi ajuza Msomali, mjane, anayetuita sote "wanangu". Nilipopoteza kazi mwaka jana, alinitumia sahani ya wali kila Ijumaa bila kuniuliza kitu.

Mwezi uliopita landilodi alitupa notisi ya miezi mitatu. Ploti inabomolewa, panakuja ghorofa. Kodi ya chumba kimoja humo hatuiwezi hata tukichanga wawili.

Ajuza alipata barua ileile niliyopata mimi. Aliniletea nimsomee. Nilipomaliza aliikunja, akaitia ndani ya Msahafu wake, akaniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema Wasomali wameichukua Isili, mwambie kuna Msomali mmoja hapa ambaye hajui atalala wapi Desemba.

Na we ukiona keja ya bei nafuu, nishtue. Tunahitaji mbili, zikaribiane.