Trauti wa Uskoti na Baridi Yake

Msimu wa kuvua trauti wa kahawia huko Uskoti hufunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa tarehe 6 Oktoba. Mvuvi mgeni huingoja hiyo siku ya kwanza kwa hamu, akaamka alfajiri, akarusha mshipi mpaka bega likamuuma. Jioni anarudi mikono mitupu na kuisingizia fimbo. Fimbo haina kosa. Katika uvuvi huu baridi ndiyo inayopanga karibu kila kitu.

Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakiwa nyuzi 4 au 5, tumbo lake husaga chakula taratibu na misuli yake huwa mizito. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Kwa hiyo mwezi Machi, maji yakiwa bado baridi, kunywa chai yako kwanza. Nenda mtoni saa nne asubuhi, uvue mpaka saa tisa alasiri, na chambo kipite chini kabisa, polepole, karibu na mdomo wake, maana hatakifuata. Juni mambo hugeuka. Kule kaskazini saa tatu usiku bado kweupe, wadudu wanaibuka juu ya maji, na trauti anapanda kuwadaka. Visubi nao watakudaka wewe, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayomweka trauti hai. Lita moja ya maji ya nyuzi 5 inaweza kubeba takriban miligramu 12.8 za oksijeni; ya nyuzi 25, kama 8.3 tu, na hapo trauti yuko hatarini kufa. Ndiyo maana mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipoleta nchini Kenya trauti wa Loch Leven, ziwa la Uskoti, aliwatia katika mto Gura, kwenye baridi ya milima ya Aberdare.

Sasa simama uyatazame maji kabla ya kufungua mkoba. Trauti ni bahili: hataki kupambana na mkondo mkali kwa ajili ya mdudu mmoja. Hujibanza nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, akielekeza kichwa mto unakotoka, akisubiri chakula kiletwe. Hapo ndipo pa kutupa, hatua chache juu yake, mkondo ukimpelekea mwenyewe. Kwa kuwa haoni vizuri nyuma ya mkia, mwendee kutoka upande wa chini wa mto, umeinama, bila kukanyaga mawe kwa kishindo. Mtikisiko wa hatua zako humfikia kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Hata ziwani, wageni wengi huingia maji ya magotini na kurusha mbali, kumbe wamewatimua samaki waliokuwa wakila ukingoni.

Vifaa visikusumbue. Fimbo ya futi 9, mshipi namba 5 na nzi bandia wa aina tatu au nne vinatosha msimu mzima. Nzi bandia, yaani ndoano iliyovishwa umbo la mdudu, karibu hana uzito. Anayebebwa ni yeye, na unaombeba ni mshipi mzito. Ndiyo sababu nguvu haisaidii: inua fimbo nyuma, ngoja mshipi unyooke wote hewani, kisha upeleke mbele. Wengi hushindwa kwenye kule kungoja.

Samaki akinasa, fimbo iwe juu, na akikimbia mpe mshipi. Ukikusudia kumrudisha, tumia ndoano isiyo na jino, lowesha mikono kabla ya kumgusa ili usimwambue ute unaomkinga na maradhi, na umshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe.

Nawe jihadhari. Ukianguka kwenye maji hayo ya baridi, pumzi hukatika ghafla na vidole hufa ganzi upesi. Funga mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira, shika bakora, usogeze mguu mmoja baada ya mwingine.

Sehemu kubwa ya Uskoti serikali haidai leseni ya fimbo, lakini kibali cha mwenye maji ni lazima. Mara nyingi hutolewa na chama cha wavuvi wa eneo kwa ada ya siku. Jumapili samoni haruhusiwi kuvuliwa kwa fimbo. Trauti ruhusa.