Gramu 57 za Udongo

Katika karne ya 17, tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, alikausha udongo wa kilo 90 hivi, akautia kwenye chombo kikubwa, akapanda mche wenye uzito wa kilo mbili na ushei. Kwa miaka 5 hakuupa kitu ila maji. Alipoung'oa, mti ulikuwa umefika kilo 76, na udongo ulikuwa umepungua gramu 57 tu. Akakata shauri kwamba mti wote umetokana na maji. Zile gramu 57 hakuzitilia maanani.

Leo tunajua kwamba karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo huingia kwenye majani ikiwa hewa ukaa. Kwa sababu hiyo kuna hoja inayorudiwa sana: kama hewa ukaa ni chakula cha mimea, kuongezeka kwake kuna ubaya gani? Kabla ya zama za viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za gesi hiyo katika kila milioni. Mwaka 1958, Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, zilikuwa takriban 315. Sasa zimepita 420. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inafaa ijibiwe kwa makini.

Tuanze na jani lenyewe. Upande wake wa chini umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Kila kitundu kina seli mbili za kukifungua na kukifunga. Kikifunguka ili hewa ukaa iingie, mvuke wa maji hutoka. Mmea haupati kaboni bila kupoteza maji. Hewa ukaa ikiwa nyingi, vitundu hufunguka kidogo tu na maji huokolewa. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kinachoitwa Rubisko, kazi yake kuikamata gesi hiyo ili itengenezwe sukari. Rubisko ina kasoro: mara kwa mara hukamata oksijeni badala yake, na mmea hupata hasara. Hewa ukaa ikiongezeka, makosa hayo hupungua. Karibu miti yote, pamoja na mpunga, ngano, maharage na mhogo, hufaidika kwa njia hii. Mahindi, mtama na miwa yana mfumo wa kuisukuma gesi hadi kwenye kimeng'enya, kwa hiyo nyongeza huyasaidia kidogo, hasa wakati wa ukame.

Wakulima wa nyanya wa Uholanzi huongeza hewa ukaa makusudi ndani ya nyumba zao za vioo, na mavuno hupanda. Lakini nyanya hizo hupewa pia maji na mbolea kwa kipimo. Msitu haupewi mbolea na mtu.

Ndiyo sababu watafiti waliamua kwenda msituni kwenyewe. Huko Oak Ridge, Tennessee, walisimamisha mabomba kuzunguka miti michanga na kuipulizia hewa ukaa kwa zaidi ya miaka 10. Mwanzoni ukuaji ulizidi kwa asilimia 24 hivi. Kufikia mwaka 2008 ziada hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9. Naitrojeni ya udongoni ilikuwa imeanza kuwa haba. Fundi aliyeletewa lori tatu za matofali na mfuko mmoja wa saruji hajengi nyumba tatu.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la karibu na Sydney, Australia, katika msitu wa mikalitusi yenye umri wa miaka 90 hivi, juu ya udongo wenye fosforasi kidogo sana. Kuanzia mwaka 2012 sehemu za msitu huo zilipewa sehemu 150 zaidi kwa milioni. Majani yalivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12, lakini vigogo havikunenepa. Ile kaboni ya ziada ilipita mtini na kurudi hewani, karibu nusu yake ikitolewa udongoni. Uingereza, kwenye mialoni ya Staffordshire yenye miaka 180, matokeo yalikuwa tofauti: baada ya miaka saba ubao uliongezeka kwa karibu asilimia 10. Umri wa mti peke yake, basi, hauamui jambo. Fosforasi na naitrojeni ni miongoni mwa vitu vilivyokuwa ndani ya zile gramu alizozipuuza van Helmont, na anayeahidi misitu minene bila kuulizia udongo anaahidi asichoweza kukitoa.

Kuna jambo lingine linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ngano iliyokuzwa katika hewa yenye takriban sehemu 550 kwa milioni ilipungukiwa zinki kwa asilimia 9 na madini ya chuma kwa asilimia 5. Mpunga, soya na njegere nazo zilipungukiwa zinki. Mtoto anaweza kushiba sahani ileile na kupata lishe pungufu, na hakuna atakayeiona tofauti hiyo kwa macho.

Kwenye mbuga za Afrika, nyasi nyingi zina mfumo kama wa mahindi, ilhali migunga inafanana na mpunga. Mche wa mgunga huunguzwa na moto wa nyasi, kisha huchipua upya kwa akiba iliyo mizizini. Hewa ukaa ikiwa nyingi, akiba hiyo huwa kubwa, chipukizi hurefuka haraka na kuupita urefu wa miali kabla ya moto mwingine kufika. Malisho kuchungwa kupita kiasi na mioto kuzuiwa pia huchangia vichaka kuenea, lakini hewa yenyewe sasa iko upande wa mti. Mbuzi na ngamia hupata majani ya kutafuna. Mfugaji wa ng'ombe ndiye anayebaki akitafuta nyasi mbali zaidi.